Anayeweza Kungoja Ndiye Anayepanga Bei



Katika mikutano tuliyofanya kwenye kambi za chai msimu huu, swali lilikuwa moja. Halikuwa juu ya kipande, wala posho, wala nyumba zinazovuja. Wenzetu walituuliza: "Tupande mnanaa au tusipande?"

Swali hilo halikuanguka kutoka mbinguni. Meneja wa shamba moja, ambalo hatulitaji jina kwa sababu mazungumzo bado yanaendelea, aliketi nasi mezani kuzungumzia nyongeza ya mshahara. Akasema bei ya chai mnadani Mombasa ni mbaya na fedha hakuna. Badala ya nyongeza alileta pendekezo: kila familia ya mfanyakazi ipewe robo eka kwenye ardhi tupu iliyo kando ya mto, ilime mnanaa, na mnunuzi aliyemleta yeye mwenyewe atanunua mafuta yake. Mnunuzi alikuwapo. Alitoa kichupa mfukoni, akakifungua, na chumba kizima kikanukia kama dawa ya kikohozi. Akasema: "Ndugu zangu, hii ni dhahabu ya maji."

Tuliomba muda wa kufikiri na kuuliza. Jibu letu ndilo hili, na tunaliandika hapa ili lisomwe kambini kwa sauti, hata kwa wale ambao hawakuhudhuria.

Mafuta haya ni nini?

Mnanaa tunaujua. Watu wa pwani huutia kwenye chai, na mama zetu huupanda karibu na mlango wa jiko. Lakini mnanaa wa biashara hauendi kwenye birika. Huvunwa ili kutolewa mafuta, na ndani ya mafuta hayo mna kitu kiitwacho mentholi, kile kinacholeta ubaridi mdomoni. Mentholi ndiyo iliyomo katika dawa ya meno, peremende, dawa ya kikohozi na ile dawa ya kopo dogo tunayojipaka kifuani.

Nchi inayotoa mafuta haya kuliko zote ni India, hasa jimbo la Uttar Pradesh, katika wilaya kama Barabanki, Rampur na Sambhal. Mkulima wa huko si tajiri wa mashamba. Wengi wana eka chache tu. Wakisha vuna viazi, hupanda mnanaa mwezi wa pili au wa tatu, huumwagilia maji mara nyingi, kisha huuvuna mwezi wa tano au wa sita kabla ya mvua kubwa, ili wapate kupanda mpunga. Angalieni jambo hili: kwao mnanaa uliingia katikati ya chakula na chakula. Haukukifukuza chakula shambani.

Majani hukatwa, huachwa yanyauke, halafu hushindiliwa ndani ya tangi la chuma. Chini huwa na maji na moto. Mvuke hupanda katikati ya majani ukayachukua mafuta, ukapita kwenye bomba lililozamishwa katika maji baridi, ukageuka maji tena, na mafuta yakaelea juu. Makapi yakikauka huwa kuni za kupikia fungu linalofuata. Kilo 100 za majani mabichi hazitoi hata kilo moja ya mafuta. Eka moja iliyotunzwa vizuri hutoa kilo 40 hadi 60. Basi na tupige hesabu ya robo eka: ni kilo 10 hadi 15 kwa msimu.

Tena hayo ni mavuno ya watu waliouzoea mmea huu kwa miaka mingi. Wana visima na pampu. Wana mbegu zilizochaguliwa na wataalamu wa kituo cha utafiti cha serikali yao kilichoanzishwa mwaka 1959, chenye makao yake Lucknow. Na wana siku ndefu. Mnanaa hupenda siku ndefu. Kule siku hurefuka kuanzia mwezi wa tatu hadi wa sita, na ndipo mmea unapojaza mafuta. Sisi Waganda tuko kwenye Ikweta, ambako jua huchomoza na kuzama karibu saa zile zile mwaka mzima. Mnunuzi hakulitaja jambo hilo. Tulipomwuliza amepanda wapi katika nchi yetu na amepata kilo ngapi, alijibu kwamba majaribio yanaendelea. Sasa tunaelewa majaribio hayo yatafanyiwa wapi: kwenye robo eka zetu, kwa jembe letu.

Pipa lisilooza

Hata hivyo, ndugu, mafuta haya yana sifa moja ambayo kila mfanyakazi anapaswa kuitia akilini. Maziwa huchacha. Ndizi huoza. Majani ya chai yakilala guniani usiku mmoja hupata joto na kuharibika. Mafuta ya mnanaa hayana haraka hiyo. Yakifungwa vizuri ndani ya pipa, mbali na jua na hewa, hukaa mwaka mzima, hata miaka miwili. Kwa hiyo mkulima wa Barabanki mwenye nafasi kidogo huyaweka nyumbani kama sisi tunavyofuga mbuzi. Harusi ikija, huuza kilo chache. Ada ya shule ikija, huuza nyingine. Bei ikiwa mbaya, hufunga kifuniko na kuketi.

Huo ni uwezo mkubwa. Anayeweza kungoja ndiye anayepanga bei. Asiyeweza kungoja hupangiwa.

Lakini na tuwatazame hao wanaongoja ni akina nani. Mkulima aliyekopa fedha za mbolea na mafuta ya pampu hawezi kungoja. Mwenye deni anamsubiri mlangoni siku ile ile ya kupika. Huyo huuza mwezi wa sita, wakati kila mtu anauza. Asiye na tangi lake hulipia kupikiwa. Mafuta hununuliwa na mchuuzi wa kijijini, yakaenda kwa mfanyabiashara wa mji kama Chandausi, yakafika kwa wenye viwanda na wasafirishaji wa ng'ambo. Kila mmoja wao ana ghala kubwa kuliko la yule aliyemtangulia, na kila mmoja anaweza kungoja zaidi.

Na juu yao wote liko soko jingine. Tangu mwaka 2005, katika soko la bidhaa la Mumbai, watu huuziana mafuta ya mnanaa ya miezi ijayo. Fungu moja la biashara ni kilo 360, yaani mapipa mawili. Wengi wanaonunua na kuuza hapo hawatayaona mapipa hayo maishani mwao. Hununua ahadi asubuhi wakaiuza jioni. Watetezi wa soko hilo husema linamsaidia mkulima kuijua bei ya mbele. Huenda ni kweli kwa mwenye pipa. Kwa yule aliyekwisha uza ili alipe deni, kuijua bei ya mwezi wa kumi ni sawa na kunusa chakula cha jirani.

Mwanzoni mwa mwaka 2012 bei ilipita rupia 2,000 kwa kilo. Hapo kila mtu aliona ni dhahabu. Katikati ya mwaka 2013 ilikuwa imeshuka chini ya nusu ya kilele kile. Mkulima alikuwa mtu yule yule, na jembe lake lile lile.

Mshindani asiye na shamba

Mnanaa una mshindani asiyengoja mvua. Tangu miaka ya 1970 kiwanda cha Holzminden, Ujerumani, kimekuwa kikitengeneza mentholi kwa kemikali, bila jani hata moja. Miaka ya 1980 kampuni ya Takasago ya Japani ikaanza njia nyingine, iliyotokana na utafiti wa mtaalamu Ryoji Noyori, ambaye mwaka 2001 alipewa tuzo ya Nobel. Na mwaka ule ule wa 2012, bei ya mnanaa ilipokuwa juu, kampuni ya BASF ilifungua kiwanda cha mentholi Ludwigshafen. Mentholi hiyo ni kitu kile kile. Bei ya shambani ikipanda mno, mwenye kiwanda cha peremende hupiga simu Ujerumani. Ndiyo maana tunasema bei ya mkulima ina dari lakini haina sakafu.

Hata bila kemikali, biashara hii imezoea kuhama. Kabla ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, sehemu kubwa ya mentholi ya dunia ilitoka Kitami, katika kisiwa cha Hokkaido, Japani. Vita vikakata njia za meli. Wajapani waliohamia Brazil wakapanda mnanaa huko, na Brazil ikalishika soko. Baadaye ikafuata China, kisha India. Kiwanda cha mnanaa cha Kitami kilifungwa mwaka 1983, na jengo lake moja limekuwa makumbusho. Wanunuzi walihama kuifuata bei. Wakulima walibaki na ardhi yao na madeni yao.

Wala mkulima hana sauti katika mambo yanayotokea mezani kwa wengine. Mwezi wa Mei 2020 nchi za Umoja wa Ulaya zilipiga marufuku sigara za mentholi. Kwa afya za watu ni jambo jema, nasi hatulilaumu. Lakini sheria hiyo ilipunguza wanunuzi wa bidhaa ya mtu ambaye hakuulizwa neno.

Sisi hatuna haja ya kwenda India kujifunza haya. Kimbunga kilipoipiga Madagaska mwaka 2000, bei ya vanila ilipaa. Kufikia mwaka 2003 watu wa Mukono walikuwa wanalala shambani na mikuki kulinda vanila isiibiwe. Wapo wafanyakazi wenzetu waliong'oa kahawa ya baba zao ili kupata nafasi. Ilipofika mwaka 2005 bei ilikuwa imeanguka, kwa sababu Madagaska ilirudi sokoni na wenye viwanda walikuwa wamekwisha zoea vanila ya kutengenezwa. Aliyeng'oa kahawa hakuirudishiwa na mnunuzi. Na wazee waliokwenda Tanga kukata mkonge wanajua kamba za plastiki zilifanya nini mashamba yale.

Jasho haliwekwi kwenye pipa

Mpaka hapa tumesema habari za mkulima. Sasa tuseme habari zetu, maana hata India yuko mtu aliye chini ya mkulima. Yuko kibarua anayekata mnanaa kwa siku katika joto la mwezi wa tano. Yuko mtu wa moto anayesimama usiku kucha karibu na tangi lililoungwa na fundi wa mtaani. Bomba likiziba, mvuke haupati pa kutokea, na tangi hupasuka. Watu wameungua na kufa kwa ajali za namna hiyo. Hao hawana pipa hata dogo.

Hapa ndipo penye kiini cha maneno yetu. Mafuta yanaweza kungoja bei. Jasho haliwezi. Siku ya kazi isiyouzwa leo haiuzwi kesho. Imekwisha potea, na tumbo la mtoto limekwisha kudai. Mwajiri analijua hilo vizuri. Ndiyo sababu husema: "Hutaki? Wako wengine getini."

Lakini kumbukeni kwamba hata yeye ana kitu kisichongoja. Jani la chai likichumwa asubuhi, lazima lifike kiwandani siku hiyo hiyo. Likiachwa kwenye mti likapita umri, halirudi kuwa jani laini. Mfanyakazi mmoja akingoja, analala njaa. Wafanyakazi wote wakingoja pamoja, mwajiri naye anaanza kuitazama saa. Hatusemi haya ili kutangaza mgomo. Mgomo una sheria zake na taratibu zake. Tunasema ili mjue kwa nini mapatano ya mshahara yanapaswa kutiwa sahihi kabla ya mvua, wakati majani yanakaribia kujaa, wala si wakati wa kiangazi ambapo kazi ni haba. Na tusijidanganye: mashine za kuchuma zimeanza kuingia mashambani, na kila mashine inampa mwajiri nafasi ya kungoja kidogo zaidi. Tukichelewa kukubaliana juu ya mashine hizo, nafasi yetu itazidi kupungua.

Kwa hiyo pipa la mfanyakazi ni lipi? Ni chama, na ni mfuko wa akiba wa chama. Mchango wa kila mwezi ambao wengine wanaunung'unikia ndio unaotuwezesha kukaa mezani wiki ya pili na ya tatu bila kutia sahihi kwa sababu ya njaa. Kambi yenye akiba huweza kusema, "Tutazungumza tena Jumatatu." Kambi isiyo na akiba husema, "Tupe chochote."

Jibu letu kwa meneja na kwa mnunuzi

Kwanza, robo eka si mshahara. Nyongeza ya mshahara ni deni la kampuni kila mwisho wa mwezi, mvua inyeshe isinyeshe. Robo eka ni bahati nasibu, na tiketi yake tunailipa kwa jasho. Baada ya kuchuma mchana kutwa, nani atapalilia mnanaa? Ni wake zetu na watoto watakaotolewa shule. Nchi yetu bado inahesabu kima cha chini cha mshahara kilichowekwa mwaka 1984, shilingi 6,000 kwa mwezi, fedha ambazo leo hazilishi nyumba hata siku moja. Mwaka 2019 Bunge lilipitisha muswada mpya, lakini Rais hakuutia sahihi. Kwa kuwa sheria haitulindi, mapatano ya mezani ndiyo ukuta wetu wa pekee. Tukikubali kuubadilisha kwa miche ya mnanaa, mwakani tutaambiwa tulime kitu kingine tena.

Pili, ardhi yenyewe. Ile ardhi ya kando ya mto haikuachwa tupu kwa hisani. Kanuni za mazingira za mwaka 2000 zinalinda kingo za mito. Siku afisa wa mazingira akija, mnanaa utakaong'olewa ni wetu, na meneja atasema hakujua tunalima nini.

Tatu, chakula kwanza. Yeyote aliye na kishamba chake nyumbani na anayetaka kujaribu, hatumzuii. Lakini asing'oe muhogo, maharage wala migomba. Wenyewe wenye mnanaa wao hawakuacha ngano na mpunga.

Nne, mkataba uandikwe kabla ya mche wa kwanza kutiwa ardhini, kwa lugha ambayo mpandaji anaisoma. Uwe na bei ya chini kabisa kwa kilo, na siku ya malipo. "Bei ya soko" peke yake si bei. Soko hilo liko Mumbai, na funguo zake hatunazo.

Tano, mzani na kipimo. Mafuta hulipwa kwa uzito na pia kwa wingi wa mentholi iliyomo. Sisi wachumaji tunaujua mzani: tunajua kilo zinazokatwa kwa ajili ya maji na gunia. Sasa fikirini kipimo kisichoonekana kwa macho, kilicho mikononi mwa mnunuzi peke yake. Mwakilishi wa wapandaji lazima awepo wakati wa kupima, na sampuli moja ibaki kwao.

Sita, tangi. Mwenye tangi ndiye mwenye mafuta. Kama litajengwa, liwe la chama cha ushirika cha wapandaji, pamoja na ghala la mapipa, ili wao nao waweze kungoja. Likaguliwe kabla ya kuwashwa moto, na watu watakaolihudumia waajiriwe kwa barua, wawe na nguo za kazi na wawe wanachama.

Hayo ndiyo masharti sita. Mnunuzi aliposomewa yale matatu ya mwisho, alisema yatampa hasara. Tulimwuliza: kama ni dhahabu, mbona anaogopa kuipima mbele ya watu? Alitabasamu, akarudisha kichupa mfukoni.

Meneja anataka jibu mwisho wa mwezi. Mkutano wa kambi zote utakuwa Jumapili ya mwisho, baada ya ibada, kwenye uwanja wa shule. Njooni wote, na wake zenu waje, maana jembe la robo eka hiyo lilikwisha wekwa mikononi mwao kabla hawajaulizwa. Wenye michango ya miezi iliyopita wailipe kwa mwekahazina siku hiyo. Tukirudi mezani tukiwa na akiba ya kutosha na majina yetu yote kwenye orodha moja, tutazungumzia mshahara, na tutakuwa na muda wa kungoja jibu.

Umoja ni nguvu.